Ukuta Ambao Mjomba Hajauona

Mjomba wangu anaijua bahari ya Kigombe mpaka chini, na huko chini hajawahi kufika. Utotoni alizamia kama watoto wote wa pwani, akisaka pweza mwambani maji yakiwa yametoka. Lakini mahali ninapopazungumzia ni penye pima hamsini, pima sitini, na mtu hafiki huko kwa pumzi yake akarudi. Hata hivyo mkute asubuhi amekaa chini ya mkungu anashona jarife, umuulize huko chini kukoje. Ataichomeka sindano kwenye wavu, atasawazisha mchanga kwa kiganja, kisha ataanza kuchora kwa kidole.

"Hapa mwamba. Hapa mchanga, mchanga mweupe huu, si tope. Ukivuka hapa unakuta ukuta, umeshuka wima. Na ukutani mna vyumba."

Nilikuwa kidato cha kwanza niliposikia habari ya vyumba kwa mara ya kwanza. Nikamuuliza amejuaje, na yeye hajaona. Hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na chubwi lake, la risasi, ukubwa wa yai la bata, kitako chake kimetobolewa kishimo. Kishimoni hukandika sabuni ya mche. Chubwi likigusa chini, sabuni inabeba kilichoko. Likipanda na punje nyeupe, pana mchanga. Likipanda na weusi unaonuka, tope. Likipanda tupu, sabuni imebonyea na risasi imekwaruzika, hapo ni jiwe. Ukuta aliupata kwa kuhesabu: anashusha mshipi, pima ishirini na tano, chubwi linagusa, anapiga makasia kidogo tu, anashusha tena, pima hamsini na bado halijagusa.

Na vyumba?

"Samaki mkubwa wa pale akimeza ndoana hakimbilii nje," alisema. "Anakimbilia ndani. Mshipi unasugua ukingoni, unausikia mkononi. Sasa mjomba, mtu akiingia ndani, si lazima hiyo ndani iwepo?"

Ninafundisha baiolojia hapa Tanga mjini, huu ni mwaka wa kumi na moja, na sijapata kusikia hoja iliyonyooka kuliko hiyo.

Tazama picha ile imejengwa na nini. Punje za mchanga kwenye sabuni. Hesabu ya mikono. Msuguo wa uzi kidoleni. Hivyo ndivyo alivyonavyo kwa hakika, na ukivikusanya vyote havijazi kikombe. Kati ya punje na punje kuna giza, na giza lile amelijaza mwenyewe, kwa kuwaza. Angebaki na punje zake bila kuzijazia, asingejua pa kutega. Angejaza bila punje, jarife lingenasa mwambani siku ya kwanza akarudi na kamba tupu, na jarife ni mali ya watu wanne. Kwa hiyo nikiulizwa maarifa ya mjomba yanaishia wapi na mawazo yake yanaanzia wapi, siwezi kuonyesha mpaka. Nimejaribu kuutafuta kwa miaka.

Kiswahili chetu kinamshuku mtu anayejaza. Tukisema "huyo anabuni" tunakusudia anasema uongo. Habari ya kubuni ni habari ya kutupwa. Na sisi walimu tumelibeba neno hilo mpaka darasani: "Usibuni. Andika ulichofundishwa." Nimelisema mwenyewe, kwa sauti kubwa, mbele ya watoto hamsini, na leo linaniuma. Lakini lugha hiyohiyo ina kiungo kidogo ambacho nakipenda kupita kiasi, kile cha -ik-. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani kule Machui mwaka 1909, kusini kidogo tu ya mji huu, nchi zake mbili za hadithini aliziita Kusadikika na Kufikirika. Hakuziita nchi zilizofikiriwa. Kufikirika ni kule kuwezekana kufikiriwa. Neno hilo linakaa jirani kabisa na kuonekana na kujulikana, na mimi nimekuja kuamini kwamba linatangulia. Kuna vitu vimelala mbele ya macho yetu na havionekani, kwa sababu bado havifikiriki.

Nilikiona kimoja mwaka 2005.

Jarife la mjomba lilikuwa limelala usiku kwenye ukuta ule. Nilipofika ufukweni watu walikwisha kuzunguka. Samaki alikuwa amelazwa kwenye mchanga mbichi, na lau angesimamishwa kwa mkia angenifika kidevuni. Buluu yake ilikuwa imeanza kufa kuwa kahawia, na madoa meupe yametapakaa mwilini kama chokaa iliyorukia ukuta wakati wa kupaka. Nikamgusa. Magamba yalikuwa magumu, yanakwaruza kama tupa, na juu yake utelezi mzito wenye mafuta. Kilichonishika zaidi ni mapezi. Hayakuota mwilini moja kwa moja kama mapezi ya changu. Yalikaa juu ya vigimbi vya nyama, kama mkono wa mtoto mchanga ulioshika kipepeo cha ukili. Na katikati ya mkia, mahali ambapo samaki wengine huishia, palichomoza kimkia kingine kidogo, kana kwamba Muumba alikuwa hajamaliza kusema.

Mzee mmoja akasema ni chewa aliyezeeka. Mwingine akasema tumrudishe baharini haraka, si samaki huyo. Wanawake waliokuja na beseni kununua waligeuza wakaondoka. Mjomba alichuchumaa, akamtazama mapezi, akamtazama macho, yale macho makubwa ya kitu cha gizani, akasema taratibu: "Huyu wa vyumbani."

Wenzake waliona samaki wa ajabu. Mjomba aliona mpangaji wa nyumba aliyokwisha kuijenga kichwani.

Jina la silikanti nilikuja kulisikia baada ya siku chache, maana tangu mwaka 2003 walikuwa wameanza kunaswa kwenye majarife ya Tanzania, wengi wao pwani hii ya Tanga, na wataalamu walikuwa wanazunguka vijijini kuuliza. Hadithi nzima niliipata chuoni, na niliposoma sehemu ya mchoro nilikifunga kitabu nikatoka nje kutembea.

Ilikuwa tarehe 22 Desemba 1938. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho madogo ya mji wa East London, Afrika Kusini, aliitwa bandarini kutazama samaki walioletwa na meli ya uvuvi ya nahodha Hendrik Goosen. Katika lundo la samaki akaona pezi la buluu. Akafukua. Samaki alikuwa na urefu wa kama mita moja na nusu, uzito unaokaribia kilo 58. Akabishana na dereva wa teksi mpaka akakubali kumbeba. Mahali pa baridi pa kumweka hakupata. Hata chumba cha maiti kilimkataa. Basi akachukua kalamu akachora, mchoro wa haraka, akaandika vipimo pembeni, akautuma kwa J.L.B. Smith, mwalimu wa kemia katika chuo cha Rhodes, Grahamstown, ambaye samaki aliwasoma kwa mapenzi yake tu. Barua ilimfikia likizoni, Knysna, tarehe 3 Januari 1939.

Mchoro wenyewe si mzuri. Nimeuonyesha darasani mara nyingi na watoto hucheka. Lakini vile vigimbi vimo, na kile kimkia cha katikati kimo.

Sasa fikiria hali ya Smith. Samaki wa namna ile hakuna mwanasayansi aliyemjua akiwa na nyama. Walijulikana kwa mifupa iliyogeuka mawe, na mawe yenyewe yanakoma miaka milioni 66 iliyopita. Baada ya hapo hakuna kitu. Alichokuwa nacho Smith ni maumbo ya mawe aliyoyasoma. Lakini mtu akikaa na mawe vile kwa mapenzi, mawe huanza kuvaa nyama. Hupata magamba, hugeuka, huogelea. Kichwani mwa Smith samaki yule alikuwa anaogelea tayari, ndiyo maana aliweza kumtambua kwa mistari michache ya kalamu. Profesa mwingine angeweza kuitazama karatasi ileile, akaona mchoro mbaya wa chewa, akaendelea na likizo yake. Smith alipeleka simu ya upepo kwamba ni muhimu sana mifupa na matamvua vihifadhiwe. Ilikuwa imechelewa, vya ndani vilikwisha kutupwa, kwa sababu samaki alikuwa anaoza na hakuna aliyejua.

Ikabidi atafutwe mwingine. Matangazo yalibandikwa pwani za Afrika kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, zawadi pauni 100, na ilichukua miaka 14. Alipatikana Desemba 1952 Visiwa vya Komoro, kisiwani Nzwani. Ikagundulika kuwa wavuvi wa Komoro walikuwa wanamjua siku zote. Walimwita gombessa.

Wengi husimulia sehemu hii kana kwamba Wakomoro walikuwa na hazina mikononi wakashindwa kuiona, na mimi hapo huwa siwezi kunyamaza. Walimjua kwa kina anachoishi, walijua kuwa ni wa usiku, na nyama yake waliijua kuwa haipendezi. Hayo Smith hakuwa nayo hata moja. Kilichokuwa hakifikiriki kwao ni ukoo wa miaka milioni 400, na kingefikirikaje? Mawe yenye mifupa yalikuwa yamefungiwa kwenye makabati ya Ulaya. Uwezo wa kuwaza walikuwa nao kama mjomba wangu alivyo nao. Walichonyimwa ni punje za kuwazia. Na hili ndilo linalonikereketa ninaposikia watu wakisema watoto wetu hawana ubunifu. Mtoto aliyepewa kitabu kimoja kwa wanafunzi wanane, na mtihani wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi, unataka awaze kwa kutumia nini?

Lakini kuwaza peke yake nako hudanganya, tena humdanganya mjuzi. Smith, kwa kuyatazama mapezi yale yenye nyama, aliwaza kwamba samaki huyu anatambaa kwenye sakafu ya bahari, kama mnyama wa miguu minne. Picha nzuri, na ilikaa vichwani mwa watu kwa miaka. Smith alifariki mwaka 1968. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka na nyambizi ndogo Komoro, akawapiga picha za video silikanti walio hai kwa mara ya kwanza huko huko kwao. Hakuna aliyekuwa anatambaa. Walikuwa wanaelea na mkondo, polepole, mapezi yakienda kwa kupishana, la kushoto mbele na la kulia nyuma, mwendo wa farasi wa matiti, lakini ndani ya maji, bila kugusa chini. Wakati mwingine walisimama kwa kichwa, mkia juu. Hilo hakuna aliyekuwa ameliwaza. Na baadaye ikajulikana kwamba mchana hujificha mapangoni.

Vyumba, mjomba.

Kwa jambo hili la kipimo kuja juu ya hadithi, watu wa Tanga tuna mahali petu. Mapango ya Amboni, pale Kiomoni, kando ya mto Mkulumuzi. Kila aliyesoma shule za hapa amepelekwa. Unaingia na tochi, popo wanakupita sikioni, na mwongozaji anakuonyesha tundu jeusi anakuambia hili linatokea Mombasa, na lile linatokea Kilimanjaro: waliingia Wazungu wawili na mbwa wao wakapotelea, na baada ya miezi mbwa akaonekana huko mlimani. Nilipokuwa darasa la sita hadithi ile ilininyima usingizi. Kisha nikasoma kwamba mwaka 1994 watafiti wa Kijerumani na Kituruki waliyapima, wakayahesabu mapango kumi, na refu kuliko yote lina mita 900.

Siku hiyo nilihisi nimeibiwa, nakiri. Ilinichukua muda kuelewa kuwa nilikuwa nimepewa. Maana ukishaachana na njia ya Mombasa unabaki na jiwe lenyewe, na jiwe ni chokaa, na chokaa ile ilijengeka baharini zama za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, kwa maganda na masalia ya viumbe yaliyokuwa yakizama taratibu. Baadaye sana maji yakaitafuna mpaka ikawa vyumba. Pale unaposimama na tochi palikuwa sakafu ya bahari, na wakati sakafu ile inajengeka, silikanti walikuwapo duniani, wenye kimkia kilekile. Mbwa aliyetokea Kilimanjaro alikwenda mbali, lakini hakwenda mbali hivyo. Nikiwapeleka wanafunzi Amboni siku hizi naacha mwongozaji awasimulie ya Mombasa mpaka mwisho, simkatizi. Kisha naomba tochi zote zizimwe, nawaambia wapapase ukuta, nawaambia mko chini ya bahari.

Kuna binti mmoja mwaka jana, kidato cha pili, mtoto ambaye kwenye mitihani yangu hazidi alama arobaini. Tulikuwa tunasoma makundi ya samaki, nikawaomba wachore silikanti na mahali anapoishi. Wenzake walichora samaki, wakapaka buluu, wakaandika majina ya viungo. Yeye alipaka karatasi nzima nyeusi kwa penseli, akaacha macho mawili tu. Nilipofika kwenye dawati lake, nikafungua mdomo kumuuliza viungo viko wapi, akaniwahi.

"Mwalimu, kule kuna giza. Sasa hiyo buluu yake anamwonyesha nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamletea, na usiku ule sikulala mapema. Jibu lipo, tena zuri. Mwanga wa jua ukiingia baharini rangi nyekundu hufa kwanza, kisha njano, na ukifika mita mia mbili kinachobaki ni buluu hafifu, ya urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 480 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Jicho la silikanti lina aina mbili za protini za kupokea mwanga, na zimekaa kwenye nanomita 478 na 485, yaani kulia na kushoto ya mwanga ule ule mmoja. Jicho lake limetengenezwa kwa ajili ya yale mabaki. Kule ambako kwetu ni giza, kwake kuna kitu cha kuona. Asubuhi nilimweleza, naye akakichukua kichoreo cha buluu, akachora mstari mwembamba sana juu ya weusi wake. Nilimpa alama zote. Mratibu wa taaluma hakupenda, tukazungumza, sijaibadilisha.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kigombe. Mjomba macho yamepungua, na bahari sasa anaendewa na wanawe; tangu mwaka 2009 pwani hii imekuwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti na mambo ya kutega si kama zamani. Nilimwamkia, akaitikia, nikakaa naye mkekani. Nilikuwa nimempelekea kitu kwenye simu. Mwaka 2007 Wajapani wa Aquamarine Fukushima walishusha chombo chenye kamera katika bahari ya Tanga, wakawakuta silikanti wakiwa hai kwenye mwamba. Nilimshikia simu karibu na uso. Alitazama bila kusema. Akaniomba nirudie. Mara ya tatu akaweka kidole kwenye kioo, juu ya kivuli chini ya ukingo wa jiwe.

"Kumbe milango mifupi," akasema. "Mimi nilidhani mtu anaingia amesimama."

Nikamwambia na lile lingine, la umri. Watu walidhani silikanti huishi miaka ishirini hivi. Mwaka 2021 watafiti Ufaransa walisoma upya pete za magamba yao kama unavyosoma pete za shina la mti, wakakadiria kuwa anafika miaka mia hivi. Jike hazai mpaka amepita hamsini, na mimba yake huenda miaka mitano.

Mjomba alinyamaza kitambo. Vidole vyake vilikuwa vinahesabu, kidole kwa kidole, midomo ikienda bila sauti.

"Wa kwetu alikuwa mkubwa yule," akasema. "Sasa babu yangu alivua pale pale. Kwa mshipi na chubwi hili hili, mimi nimelirithi. Baba naye. Basi kagongewa nyumba miaka yote hiyo."

"Huenda, mjomba."

"Mimba miaka mitano," akarudia, akatikisa kichwa.

Kisha akainama, akafuta mchanga kwa kiganja, akauchora ule ukuta upya kuanzia juu. Alipofika kwenye vyumba alipunguza mwendo, na safari hii milango yote aliichora mifupi.